Nilimtoa Rafiki Yangu Jicho, Kisha Nikanyamaza Akipigwa

Mimi ni mkosaji. Wacha nianze na hilo, usije ukaanza kunihurumia kabla hujasikia yote. Rafiki yangu alipoteza jicho kwa mkono wangu, na watu wote waliambiwa ni ajali. Haikuwa ajali! Nilifanya makusudi, na akili zangu zikiwa timamu.

Jina langu sitalitaja. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Lakini wale wa mtaa wetu wa Ruring'u, hapa Nyeri, wakisoma hii watanijua, na hata ndio nataka wasome.

Nimecheza kriketi ya kulipwa kwa miaka saba. Najua huku Nyeri ukisema kriketi watu wanakutazama kama umetaja mchezo wa wazungu kwenye runinga. Kwetu ni mpira wa miguu na raga. Lakini tulikuwa na Mzee Jayanti, Mhindi mwenye duka la sare za shule mjini, ambaye kila Jumamosi alikuwa anakusanya watoto wa mtaa na kuwafundisha. Wengi walienda mara mbili wakachoka. Waliobaki ni mimi na Swaleh.

Swaleh alikuwa wa mtaa wa Majengo, mtoto wa Kiislamu, mpole, mwenye maneno machache. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Swaleh, alikuwa anapika mahamri na kuuza asubuhi. Mimi mama yangu alikuwa anatoka alfajiri kwenda soko la Karatina kuuza karoti na viazi, kwa hivyo chai yangu ya asubuhi niliinywa kwa akina Swaleh. Miaka na miaka! Huyo mama alinilisha kuliko jamaa zangu wa damu.

Wote wawili tulikuwa ol-raunda, yaani mchezaji anayepiga na pia anarusha. Katika ile kriketi ya ova chache, ova ikiwa ni mipira sita, inayoisha siku moja, timu inamtafuta mtu kama huyo kwa tochi. Lakini shida ni hii: timu ikishampata mmoja, wa pili anakaa benchi.

Na mimi kukaa benchi sikujua. Tangu utoto nilikuwa na hasira ya haraka. Nilivunja mtu pua darasa la sita kwa sababu ya kiti. Swaleh ndiye alikuwa ananishika mikono na kuniambia, "Wacha, twende." Nilikuwa namsikia yeye peke yake.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Timu moja kubwa ya Nairobi ilimtuma kocha kuja kututazama. Akakaa na sisi wiki nzima, pale uwanja wa mjini wenye miti mirefu upande mmoja. Alitaka ol-raunda mmoja. Siku ya nne nilikuwa nafunga viatu nyuma ya kibanda cha kubadilishia nguo, nikamsikia anaongea na Mzee Jayanti.

"Huyu mkubwa ako na nguvu," akasema. "Lakini Swaleh ako na kichwa. Nguvu nitampea mimi. Kichwa siwezi kumpea mtu. Nitachukua Swaleh."

Jameni! Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya moto mgongoni. Sikufikiria tumecheza pamoja tangu tukiwa wadogo. Nilichofikiria ni yeye anaenda Nairobi na mimi nabaki Nyeri nikibeba magunia ya mama.

Kesho yake tulikuwa na mechi ya mazoezi. Asubuhi baridi, ukungu umeshuka, nyasi zimelowa. Swaleh alikuwa anapiga, mimi narusha.

Kuna kitu lazima ujue. Tulikuwa na helmeti mbili tu za kupigia. Moja ilikuwa imepoteza ile waya ya kukinga uso. Kila mtu alikuwa anaikwepa. Swaleh ndiye alikuwa anaivaa kila mara, ati yeye mpira anauona mapema. Ile nzima alikuwa anawaachia wengine. Nililijua hilo. Nilikuwa naitazama hiyo helmeti nikirudi nyuma kuanza kukimbia.

Kwa kawaida mpira unaurusha udunde chini kwanza ndio umfikie mpigaji. Ukimrushia mtu moja kwa moja kwenye uso bila kudunda, hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mtu hategemei. Macho yake yako chini anapotazamia udunde. Na mpira wa kriketi si wa tenisi. Ni ngozi iliyoshonwa kwa uzi juu ya kitu kigumu ndani, ukikushika mkono vibaya unavunja kidole.

Nilikimbia hatua zangu zote. Nikaachilia kwa nguvu zangu zote. Nikalenga uso.

Ile sauti bado naisikia. Ilikuwa kama mtu ameangusha nazi kwenye sakafu. Swaleh hakupiga hata kelele. Alipiga magoti, kisha akalala kifudifudi, na damu ikaanza kutoka kama bomba limepasuka. Mzee Jayanti alipomgeuza, ule upande wa kushoto wa uso haukuwa tena uso. Kuna mchezaji alienda kando akatapika.

Mimi nilisimama pale nilipokuwa. Wengine walipokimbia, nami nikakimbia. Halafu nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyaandaa kabla sijarusha. Umesikia? Kabla sijarusha!

"Umeteleza! Mpira ulikuwa umelowa, umeniteleza!"

Wote waliniamini. Nyasi si zilikuwa na umande?

Swaleh alipelekwa hospitali ya Nyeri, halafu Nairobi. Wiki ya pili wakalitoa lile jicho. Kocha, aliyekuwa amesharudi kwao, akaita mtu mmoja tu, na huyo mtu alikuwa mimi.

Swaleh aliporudishwa nyumbani, nilienda kuwaaga. Mama Swaleh alinikalisha pale pale nilipozoea kukaa, akanimiminia chai, akaniwekea mahamri.

"Ni kudra ya Mungu," akaniambia. "Mwanangu, usijitese na mawazo. Enda ucheze. Ucheze na kwa niaba ya mwenzako."

Na Swaleh, kichwa kimefungwa bandeji, akainama akatoa glavu zake za kupigia chini ya kiti, akanipa. Glavu mpya. "Zitakufaa," akasema.

Nilizichukua! Nilikunywa chai, nikala mahamri matatu, nikachukua glavu, nikaenda Nairobi.

Basi nikawa mchezaji. Na sitakudanganya, nilikuwa mzuri. Nilikuwa mpigaji wa sita, nikiingia ova zikiwa zimebaki chache na timu inahitaji mtu wa kupiga kwa nguvu. Nilirusha ova za mwisho, zile ambazo warushaji wengi wanazikimbia. Nikaitwa timu ya taifa. Nikapanda ndege. Nikirudi Ruring'u watoto walikuwa wananifuata nyuma mpaka nyumbani.

Lakini kuna kitu kilikuwa kimefunguka ndani yangu na hakikufungika tena. Nilikuwa nimejua kwamba unaweza kumvunja mtu, ukasema pole, na dunia ikakupigia makofi. Nikaanza kulenga watu. Mbavu, vidole, koo. Kwa sheria, mpira wa juu uliodunda unaruhusiwa, lakini kwa kipimo. Mimi nilikuwa natumia kipimo chote. Nilimvunja mtu mbavu mbili na nikasimama juu yake nikimwangalia. Watazamaji wakaniita Nyundo. Nikalipenda hilo jina!

Nje ya uwanja nilikuwa mbaya zaidi. Nilimpiga mwenzetu wa timu chumba cha kubadilishia nguo kwa sababu alicheka nilipoangusha mpira. Nilimshika shati nikamgonga kichwa kwenye kabati la chuma mpaka wengine watatu wakanivuta. Nikafungiwa mechi nne, nikarudi, nikapiga vizuri, ikasahaulika. Mchumba niliyekuwa naye alijifungia bafuni siku moja akinikimbia. Nikauvunja ule mlango na gongo langu la kriketi. Aliondoka na nguo alizovaa, na hajawahi kurudi kuchukua zingine. Simlaumu.

Swaleh alikuwa ananipigia simu baada ya kila mechi iliyoonyeshwa kwenye runinga. Kila mechi! "Ile ya ova ya kumi na nane umerusha vizuri, lakini bega lako linaanguka." Kwa jicho moja alikuwa anaona makosa yangu kuliko makocha wote. Nami nilikuwa nasema asante, nikikata simu natafuta mtu wa kugombana naye.

Mwaka jana ndio mambo yakageuka. Tulikuwa tunacheza mechi ya ova ishirini Nairobi. Mimi nikipiga. Kijana wa timu ile ingine, mrushaji mpya, akaachilia mpira ukamteleza kweli kweli. Ukanipata kwenye helmeti upande wa sikio. Helmeti ikapasuka, mimi nikaanguka.

Nilipofungua macho, mtu wa kwanza niliyemwona ni huyo mrushaji. Alikuwa amekimbia kabla ya daktari. Amepiga magoti, anatetemeka, machozi yanamtoka, ananishika mkono. "Pole bro, pole, pole, haki ya Mungu umeniponyoka, nisamehe, pole." Akakataa kumaliza ile ova. Aliambiwa arushe, akasema mikono haishiki.

Nikalala pale nikafikiria: kumbe hivi ndivyo mtu anafanya ikiwa ni ajali. Mimi, siku ile ya Swaleh, nilikuwa nimesimama nimeshika kiuno.

Daktari akasema nipumzike wiki sita. Nikarudi Ruring'u kwa mama. Na ni nani alikuwa wa kwanza kuja kuniona? Swaleh. Alikuja na maziwa ya mgando na ndizi, akakaa kando ya kitanda, akanigusa kichwa pole pole kama mtu anagusa yai.

"Usiharakishe kurudi," akasema. "Kichwa si goti."

Sikulala vizuri wiki nzima. Nikaamua nitamwambia.

Nilimwomba anisaidie mazoezi mepesi. Swaleh alikuwa amekuwa mwalimu wa michezo wa kujitolea, na alikuwa anatumia uwanja mmoja karibu na shule, ambapo mafundi walikuwa wanajenga madarasa mapya. Tukaenda saa nne asubuhi. Jua limetoka vizuri, Mlima Kenya unaonekana wote. Yeye alikuwa na gongo, ananipigia mipira ya juu, mimi nadaka. Nikadaka kumi hivi. Wa kumi na moja nikauacha ukaanguka.

"Swaleh, kuja nikuambie kitu."

Akaja, gongo begani.

"Ile siku. Mpira haukuteleza."

Akanitazama. "Siku gani?"

"Siku ya jicho yako. Nilisikia kocha akisema atakuchukua wewe. Nikakulenga. Nilijua umevaa ile helmeti haina waya. Nilikulenga uso."

Akalishusha gongo begani. Mafundi walikuwa wanapiga misumari upande ule, nikawa nasikia tu hiyo nyundo.

"Unasema kichwa ndio kinakusumbua," akasema hatimaye. "Ile ajali yako."

"Kichwa iko sawa. Nilifanya makusudi, Swaleh."

"Mama yangu alikupa chai."

"Najua."

"Nilikupa glavu zangu!"

"Najua."

Pigo la kwanza sikuliona. Lilinipata kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, mkono wangu wa kurushia, nikasikia mfupa ukilia. La pili mbavuni. La tatu gotini, nikaanguka. Swaleh yule mpole, yule wa kunishika mikono, alikuwa ananipiga na anapiga mayowe, mayowe ya mtu aliyefiwa. Sikujikinga. Uamini hivyo ukipenda. Nilikuwa nasema moyoni, piga, piga, maliza.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningesema tumelipana na nisingekuandikia. Ole wangu, haikuishia hapo!

Mafundi walisikia. Wakatazama wakaona nini? Wakaona mtu wa jicho moja ana gongo, anamuua yule wa runinga, fahari ya Ruring'u. "Anaua mtu! Anaua star wetu!" Wakaja mbio na mbao na makoleo. Waendesha boda waliokuwa barabarani wakatupa pikipiki wakaruka ua. Walikuwa kumi, halafu ishirini.

Walimpokonya gongo wakaanza kumpiga nalo. Wakampiga mateke, wakampiga mbao yenye misumari. Nilikuwa nimelala hatua tano kutoka kwake. Niliona jino lake likianguka kwenye nyasi.

Na alikuwa anaita jina langu! Hakuwa anaomba hao watu. Alikuwa ananiita mimi. "Waambie! Waambie umenifanya nini! Waambie!"

Mmoja akaniinamia akaniuliza, "Boss, amekufanyia nini huyu? Ni mwizi? Mnajuana?"

Mkono ulikuwa umevunjika, lakini mdomo ulikuwa mzima. Neno moja lingetosha. Ningesema tu, "Mwacheni, ni rafiki yangu, mimi ndio nimekosa." Lakini nilifikiria jina langu. Nilifikiria timu. Nilifikiria mama akisikia. Nimekuambia nilikuja uwanjani kuungama, si ndio? Kuungama kwa mtu mmoja faraghani kulikuwa rahisi. Mbele ya watu ishirini nilishindwa.

Nilifumba macho, nikajifanya nimezimia.

Nililala hapo nikisikiliza rafiki yangu akipigwa mpaka sauti yake ikaisha. Polisi ndio walimwokoa. Wakamtupa nyuma ya gari, na mtu akapiga kelele, "Mngetuachia tumalize!"

Mimi nilipelekwa hospitali kama mfalme. Kiwiko kilikuwa kimevunjika mara tatu. Wakakifanyia upasuaji. Watu wakajaa wodini na matunda. Kila mmoja alikuwa na hadithi: ati Swaleh alikuwa na wivu tangu zamani, ati jicho lilimharibu akili, ati ni mwenda wazimu. Nami nilikuwa nanyamaza. Mama yangu ndiye alienda kuandikisha kesi.

"Ataoza huko ndani," mama akaniambia. "Mtu tumelea pamoja! Ati anakuvunja mkono unaokulisha!"

"Mama, wachana na hiyo kesi."

"Wewe uko na roho ya huruma sana. Lala."

Roho ya huruma! Nikalala. Siku moja ikapita, ya pili, ya tatu. Nikasikia amepelekwa kortini akiwa amebebwa, amerudishwa rumande. Nikasikia ule uso umevimba na lile jicho lililobaki limeziba. Nilisikia hayo yote na bado nikaitisha chai.

Siku ya nne mchana, Mama Swaleh akaja.

Alikuwa amezeeka kwa siku nne. Buibui limejaa vumbi la kutoka rumande, mkononi ana kikapu. Mama yangu alikuwa amekaa kando yangu, akainuka kama anataka kumfukuza. Mama Swaleh akampita. Akaweka kikapu chini, akatoa chupa ya chai na mahamri yamefungwa kitambaa. Halafu, jameni, yule mama mzima akainama kando ya kitanda changu akashika mguu wangu juu ya blanketi.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha. Sijui shetani gani alimwingia mwenzako. Ananiambia maneno ambayo siyaelewi. Nisamehee mtoto wangu. Hana jicho lingine, baba. Lile moja wanasema huenda likapotea. Mwondolee kesi akatibiwe. Kwa chai yangu uliyokunywa, mwondolee."

Nilianza kulia mpaka nesi akaja mbio akidhani ni kiwiko.

"Mama Swaleh, inuka. Tafadhali inuka. Anakuambia ukweli."

"Ukweli gani?"

Nikasema. Mbele ya mama yangu, mbele ya nesi, mbele ya wagonjwa wawili wa vitanda vya pembeni. Nikasema ya kocha, ya helmeti, ya mpira. Nikasema ya uwanjani, kwamba sikuwa nimezimia, kwamba nilisikia kila pigo.

Mama yangu alikaa chini kwenye sakafu. Alijifunika uso na kitambaa cha kichwa.

Mama Swaleh aliinuka pole pole. Nilitegemea kofi. Ningefurahi anipige kofi! Akafunga chupa ya chai. Akafunga mahamri tena kwenye kitambaa, moja moja, akarudisha kikapuni.

"Vaa," akasema. "Utayasema hayo kwa polisi. Saa hii."

Nesi akasema siruhusiwi kutoka. Nikang'oa ile sindano ya maji mwenyewe. Nilienda kituoni na nguo za hospitali, mkono umefungwa kifuani, Mama Swaleh mbele, mama yangu nyuma.

Polisi aliyeandika taarifa aliiacha kalamu mara mbili akanitazama. "Hii ya mpira ni ya miaka mingi," akasema. "Sijui hata nikuandikie kosa gani. Lakini wewe ni mtu mbaya sana."

"Ndiyo, afande."

Kesi ikaondolewa. Swaleh akatoka siku ya pili yake, akapelekwa moja kwa moja hospitali ya macho. Walijitahidi. Lakini siku nne bila matibabu ni nyingi kwa jicho lililopigwa hivyo. Leo anaona mwanga. Anaona mtu akiwa karibu, kama kivuli. Kusoma hawezi. Mpira ukirushwa hauoni.

Kiwiko changu hakinyooki. Niliandikia timu nikawaambia kila kitu, wakavunja mkataba, na hata wasingevunja, huu mkono hauwezi kurusha hata jiwe. Mzee Jayanti nilienda kumwona dukani. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa anapima kitambaa cha sare, halafu akaita mteja anayefuata. Mama yangu ananipikia, lakini hatuli meza moja.

Na Swaleh je? Yuko Wang'uru, mji wa wakulima wa mpunga. Ana mjomba mwenye duka la mchele, na Swaleh ndiye anachambua magunia. Anatia mkono ndani, anasugua punje kidogo, ananusa, anakuambia hii ni pishori safi, ule mchele unaonukia, na hii imechanganywa. Nilienda kumtafuta miezi mitatu iliyopita. Nilisimama mlangoni bila kusema, akainua kichwa.

"Unakuja na pumzi yako ya kukimbia," akasema. "Kaa."

Nikakaa juu ya gunia. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akaendelea kuchambua.

"Lile jicho la kwanza nimelifikiria sana," akasema. "Ulikuwa kijana, ulishikwa na tamaa. Siku moja naweza kulimeza. Lakini hili la pili, ndugu yangu, ulilala pale ukasikiliza. Nilikuwa nakuona. Kope zako zilikuwa zinacheza."

Nilitazama mikono yake ndani ya mchele.

"Nifanye nini, Swaleh?"

"Huko Ruring'u bado naitwa mwenda wazimu. Mama akipita sokoni watu wananong'ona. Ulimwambia polisi, polisi akafungia kwenye faili. Waambie watu. Msamaha sijui kama nitakupa. Usiungojee ndio uanze."

Ndio maana naandika.

Wewe unayecheza, mchezo wowote ule, mwenzako akichaguliwa, enda nyumbani ulie. Piga ukuta ukitaka. Usimguse mtu. Na wewe uliye na kosa umelificha, usidhani linazeeka na kufa. La kwangu lilirudi kutafuta mtu wa kumla tena, na mtu huyo alikuwa yule yule. Ukikosa sema siku hiyo hiyo, mbele ya watu, hata kama sauti inatetemeka. Ukingojea upate ujasiri, kuna mtu anapigwa wewe ukingoja.

Na nyinyi mafundi na watu wa boda mliokuwa pale uwanjani asubuhi ile, mnajijua. Mlidhani mnaokoa maisha yangu. Mlimpiga mtu ambaye hakuwa na kosa, na mimi nilikuwa macho. Ni mwana wa Mama Swaleh, yuko Wang'uru, duka la mchele la mjomba wake. Nendeni mumwombe msamaha. Atawatambua kwa sauti.